Nijitoe kwenye somo la serikali, au nikomae nalo?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 24, Mkongomani wa Fizi. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huu ni mwaka wa tatu niko Fort Worth, Texas. Nina kadi ya kijani. Muhula huu nimeanza chuo cha jamii, nataka nisome sayansi ya siasa kisha nihamie chuo kikuu. Nimechukua masomo manne, krediti 12: ENGL 1301, HIST 1301, takwimu (MATH 1342) na GOVT 2305, yaani Serikali ya Shirikisho. Hilo la mwisho nililichukua la mtandaoni, la wiki nane, kwa sababu nafanya kazi ghalani usiku, zamu nne za saa kumi kumi kila wiki. Niliona litakwisha mapema nipumue.

Sasa wiki ya nne imeisha na ninazama. Mtihani wa kwanza 58, wa pili 61. Insha ya kwanza 70, na profesa kaandika pembeni kwamba nimesimulia tu, sijajenga hoja. Majaribio ya kila wiki napata kama 80. Mijadala ya mtandaoni nimeandika miwili kati ya minne, mingine ilinipita nikiwa nimelala. Silabasi inasema hivi: mitihani minne, kila mmoja asilimia 15, insha mbili, kila moja 10, mijadala 10, majaribio 10.

Kinachoniuma ni kwamba nasoma. Sura nzima naisoma, nyingine mara mbili, na mistari napiga. Swali likija nakosa. Mfano: ni mamlaka gani serikali kuu na majimbo wanayo kwa pamoja? Kutengeneza sarafu, kutangaza vita, kutoza kodi, au kuendesha uchaguzi? Nikachagua uchaguzi, maana rais anachaguliwa na gavana naye anachaguliwa. Nikakosa.

Baba anataka niache. Kwake siasa ni ile iliyotukimbiza nyumbani. Anasema nisome unesi. Mshauri wa masomo nilimwandikia, akajibu mstari mmoja tu: unaweza kujitoa kabla ya tarehe ya mwisho, utapata W. Sijui hiyo W itaifanya nini Pell yangu, ile ruzuku ya masomo ya serikali kuu.

Jingine ni dogo. Wiki iliyopita kulikuwa na meza nje ya maktaba, wanaandikisha wapiga kura. Walinipa fomu wakasema kila anayesoma GOVT aijaze. Sijaijaza, iko kwenye begi. Niijaze?

Mwanao,
F., Fort Worth

---

Marahaba, mwanangu.

Hilo uliloliita dogo ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika, kwa hiyo naanza nalo. Fomu hiyo usiijaze. Mwanzoni tu inakuuliza kama wewe ni raia wa Marekani, na ukitia sahihi kwamba ndiyo, umedai uraia usio nao. Kwa sheria ya uhamiaji hilo laweza kukufukuzisha nchini na kukufungia mlango wa uraia, hata kama hukuwahi kupiga kura. Mwenye kadi ya kijani hapigi kura, wala hajiandikishi. Waliokaa mezani hawakuwa na nia mbaya. Wanadhani kila mtu aliye chuoni ni raia. Ichane leo. Ungekuwa umekwisha kuipeleka, ningekuambia umwone wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa fomu nyingine yoyote.

Kwa kuwa mliingia kama wakimbizi, miaka yenu mitano ya kungoja uraia huhesabiwa tangu siku mliyotua, si tangu siku kadi ilipotoka. Kwa hiyo hujabakiza mingi. Mpaka hapo unaruhusiwa kujitolea kwenye kampeni na kuhudhuria vikao vya wazi vya mji na kaunti. Ila kazi ya karani wa kituo cha kura usiiombe: hapo Texas ni ya wapiga kura.

Sasa alama. Tupige hesabu kwa silabasi yako mwenyewe. Mitihani miwili imekupa 8.7 na 9.15. Insha imekupa 7, majaribio 4 kati ya 5, mijadala 2.5 kati ya 5. Jumla ni 31.35 katika pointi 50 zilizokwisha pita. Ili ufike 70, ambayo kwa kawaida ndiyo C, unahitaji 38.65 katika 50 zilizobaki. Ukiitazama hivyo inatisha, lakini ivunje. Mijadala minne iliyobaki ukiiandika yote vizuri ni 5. Majaribio yakipanda hadi 85 ni 4.25. Insha ya pili ikipata 85 ni 8.5. Kwenye mitihani miwili sasa unatafuta 20.9 katika 30, karibu 70 kila mmoja. Kutoka 61 kwenda 70, kama mtihani una maswali 50, ni maswali manne au matano tu. Hayo yanapatikana, na baadaye kidogo nitakuonyesha yalipo.

W yenyewe, yaani alama ya kujitoa, si shetani. Ofisi ya msaada wa fedha hutazama mambo mawili makubwa: wastani wako, usishuke chini ya 2.0, na sehemu ya krediti ulizomaliza kati ya zile ulizoanza, ambayo vyuo vingi huiweka asilimia 67. Ukijitoa GOVT pekee na kufaulu mengine, umemaliza 9 kati ya 12, asilimia 75. Uko salama. Ukijitoa masomo mawili ni 6 kati ya 12, asilimia 50, na barua ya onyo itakuja. F nayo inaharibu kotekote: krediti hazihesabiwi na wastani unaporomoka. B ni 3, C ni 2, F ni 0: B tatu na F moja ni wastani wa 2.25, unapona. C tatu na F moja ni 1.5, huponi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kwenye kalenda ya chuo tarehe ya mwisho ya W kwa masomo ya wiki nane, ambayo si sawa na ile ya wiki kumi na sita. Wengi hukosea hapo. Mtihani wa tatu ukiangukia kabla ya tarehe hiyo, uufanye ndio kipimo. Ukipata chini ya 60, wa mwisho utakudai karibu 80, na hapo chukua W bila kulia. Ukipata 65 na kuendelea, baki. Kabla ya kubofya chochote nenda ofisi ya msaada wa fedha na uulize kwa maneno haya: nikijitoa somo hili moja, kuna sehemu ya Pell inayorudishwa? Waulize wao, si mshauri wa masomo; yeye hashiki pesa. Usiache masomo yote kwa mpigo kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, maana sehemu ya fedha hurudishwa serikalini na chuo kinaweza kukudai wewe. Ujue pia kwamba Texas, kwa wote walioanza chuo tangu 2007, vyuo vya umma vina kikomo cha kujitoa masomo sita maisha yako yote ya shahada ya kwanza. Hii ingekuwa ya kwanza.

Kosa halikuwa somo. Lilikuwa zile wiki nane. Somo la krediti tatu lina saa 48 za darasani, na kanuni ya kawaida ni saa mbili za nyumbani kwa kila saa moja ya darasa. Katika wiki 16 hizo ni saa 9 kwa wiki. Katika wiki 8 ni 18. Masomo yako mengine matatu ni saa 27. Jumla 45, ongeza 40 za ghalani, ni 85. Wiki ina saa 168. Ukilala saa saba kila siku zimebaki 34 za kupika, kusafiri, ibada na kumsikiliza baba. Somo fupi si somo jepesi, ni mzigo uleule kwenye kamba fupi. GOVT 2306, Serikali ya Texas, lichukue la wiki 16.

Sasa lile swali lako. Ulilikosa kwa sababu nzuri, na ukiielewa sababu hiyo umepata nusu ya maswali uliyokuwa unakosa. Kichwani una picha ya nyumbani. Congo kuna CENI, Tanzania kuna Tume ya Uchaguzi, Kenya kuna IEBC: chombo kimoja cha taifa kinachapa karatasi, kinahesabu, kinatangaza. Marekani hakuna chombo hicho. Hata uchaguzi wa rais unaendeshwa na majimbo, na ndani ya Texas kazi yenyewe hufanywa na kaunti, zote 254. Kongresi inaweza kuweka masharti kwa chaguzi za wabunge wake, lakini anayeendesha ni jimbo. Kutengeneza sarafu Katiba inaipa Kongresi na kuwakataza majimbo waziwazi. Vita, vivyo hivyo. Kinachobaki ni kodi, na ushahidi unao mfukoni. Tazama hati yako ya mshahara: makato ya kodi ya mapato yanakwenda serikali kuu, jimbo halimo, maana Texas haitozi kodi ya mshahara. Halafu tazama risiti ya sabuni uliyonunua hapo Fort Worth: 8.25%. Humo 6.25 ni za jimbo, zilizobaki ni za mji na taasisi za hapohapo. Mamlaka mawili, mfuko mmoja. Hayo ndiyo mamlaka ya pamoja.

Chini ya hapo kuna jambo ambalo vitabu hulisema kwa sentensi moja na kupita. Kaunti 47 za Kenya zilitokana na Katiba ya 2010. Mamlaka yalishuka kutoka Nairobi. Mikoa ya Congo vilevile, Kinshasa ndiyo inayogawa. Marekani mwendo ulikuwa kinyume: majimbo yalikuwapo kwanza, yakakutana Philadelphia 1787 na kuipa serikali kuu baadhi ya mamlaka yao. Marekebisho ya Kumi ya Katiba, ya 1791, yanasema kisichotolewa kimebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana kila swali la somo hili, hata lile linaloonekana la tarehe, linauliza jambo lilelile: nani anayo mamlaka haya, na kayapata wapi?

Acha basi kupiga mistari kwenye sura. Mstari wa rangi unakuonyesha ulikopita, haukuonyeshi ulichoshika. Chukua karatasi, chora safu tatu: mamlaka, mwenye nayo, kifungu au kesi iliyompa. Kila sura itoe mistari kumi hadi kumi na miwili, siyo zaidi. Kesho yake funika safu ya pili na ya tatu, ujijibu kwa sauti. Chapisha Katiba yenyewe. Ina vifungu vikuu 7 na marekebisho 27, na mtu huimaliza chini ya saa moja. Kifungu cha Kwanza, sehemu ya 8, kisome mpaka ukizoee. Humo ndimo mamlaka mengi ya Kongresi yalimoorodheshwa. Kama kitabu cha darasa ni kizito au ghali, OpenStax wana kitabu cha bure cha somo hilihili.

Kesi nazo usizisome kama hadithi. Kila kesi iandike kwa mistari minne. Chukua McCulloch v. Maryland, 1819, ambayo ni nadra kukosekana mtihanini. Kilichotokea: Kongresi iliunda benki ya taifa, jimbo la Maryland likaitoza kodi, karani wa tawi la Baltimore akakataa kulipa. Swali: Kongresi inaweza kuunda benki ambayo Katiba haikuitaja, na jimbo linaweza kuitoza kodi? Jibu: ndiyo kwa la kwanza, hapana kwa la pili. Sababu: Kongresi imepewa pia uwezo wa kutunga sheria zinazohitajika ili kutimiza kazi zake, na sheria halali ya shirikisho iko juu ya ya jimbo, kwa hiyo jimbo haliwezi kuua kwa kodi kitu ambacho taifa limekiunda. Mstari wa nne ndio unaoulizwa. Wanafunzi wengi hukariri wa kwanza.

Insha ni ugonjwa uleule kwa sura nyingine. Ukiulizwa kuhusu rais na vita, ukaandika kwamba Kongresi hutangaza vita, rais ni amiri jeshi mkuu na mwaka 1973 ilipitishwa sheria ya madaraka ya vita, yote ni kweli na hakuna hata moja ambalo mtu angelibishia. Hiyo ni simulizi. Andika badala yake: sheria ya 1973 imemwongezea rais nguvu badala ya kumbana, kwa kuwa inamwachia siku 60 za kupigana kabla ya kuhitaji ruhusa. Hapo mtu anaweza kukupinga, na kwa hiyo lazima uthibitishe. Leta ushahidi: Kongresi ilitangaza vita mara ya mwisho 1942, ilhali Korea na Vietnam zilipiganwa baadaye. Kisha uandike aya moja ya anayekupinga, kwamba sheria inamlazimisha rais kutoa taarifa ndani ya saa 48, na umjibu. Ukikosa aya hiyo, profesa wengi hawavuki 80. Kama lugha inakubana, panga hoja kwa Kiswahili kwanza, halafu uandike kwa Kiingereza upya. Usitafsiri mstari kwa mstari.

Ukifika 2306 jihadhari na majina. Texas wana kitu kinaitwa Commissioners Court ambacho si mahakama hata kidogo. Ni baraza linaloongoza kaunti. Mwenyekiti wake huitwa County Judge, na kazi yake kubwa ni bajeti na uongozi kuliko hukumu. Railroad Commission inasimamia mafuta na gesi, reli zilikwisha kuondolewa mikononi mwake, jina likabaki. Secretary of State wa Washington ni mambo ya nje, wa Austin ni msimamizi mkuu wa uchaguzi. Mahakama za juu kabisa ni mbili, moja ya madai na moja ya jinai. Bunge hukutana kwa kikao cha kawaida kisichozidi siku 140, kila mwaka wa namba witiri, na mbunge hulipwa dola 600 kwa mwezi. Maswali yanatoka hapo kwa sababu mgeni na mzaliwa wote wanakosea.

Kuhusu baba. Usibishane naye juu ya siasa. Anachokisema kinatoka mahali kilipotoka. Mwambie tu kwamba sheria ya Texas inamtaka kila anayechukua shahada ya kwanza chuo cha umma awe na krediti 6 za serikali na 6 za historia ya Marekani. Muuguzi mwenye shahada hiyo naye anazo. Kwa hiyo 2305 na 2306 si mlango wa kuingia bungeni, ni sehemu ya krediti 42 za msingi ambazo kila mwanafunzi anazibeba. Ukizimaliza zote 42 chuoni hapo, chuo kikuu chochote cha umma cha Texas kinapaswa kuzipokea kama fungu zima. Uamuzi wa unesi au siasa unaweza kungoja mwaka mzima bila kupoteza kitu.

Lakini kwenye jambo moja baba ana haki. Stashahada ya miaka miwili ya sayansi ya siasa peke yake haina kazi inayoingoja. Thamani yake ni kuhama nayo. Hakikisha kwenye rekodi yako imeandikwa AA, stashahada ya kuhamia chuo kikuu, si AAS. AAS imetengenezwa kwa ajili ya kazi na krediti zake nyingi hazihami. Usijaze masomo ya GOVT: ukiwa na 2305, 2306 na labda 2304, ambayo ni utangulizi wa sayansi ya siasa, inatosha, kwani vyuo vikuu hutaka masomo mengi ya fani yafanyiwe kwao. MATH 1342 ishikilie. Huko mbele utasoma mbinu za utafiti, na mtu asiyejua kwa nini kura ya maoni ya watu 1,000 ina kosa la takriban pointi 3 juu au chini hawezi kuzisoma. Lugha ya kigeni nayo hudaiwa na vitivo vingi, na hapo wewe ni tajiri. Nyarugusu mlisoma kwa mtaala wa Congo, kwa Kifaransa: kuna mtihani wa CLEP wa Kifaransa unaoweza kukupa krediti. Kiswahili kina mtihani wa kuzungumza wa ACTFL. Uliza chuo kikuu unachokitaka, siyo unachotoka, kinapokea upi na kwa alama gani, na ujibiwe kwa maandishi.

Wiki hii mwandikie profesa uombe dakika 20 za saa zake za ofisi. Nenda na mitihani yote miwili na karatasi moja yenye maswali uliyoyakosa, kila moja ukiwa umeandika kando yake kwa nini ulichagua ulichochagua, kama ulivyoniandikia lile la uchaguzi. Muulize: hizi sababu zangu zinafanana wapi? Halafu weka kengele ya simu saa moja kabla ya kwenda zamu, siku mjadala unapofunguliwa, uandike papo hapo, maneno 150 yenye hoja moja. Zile pointi 2.5 ulizozilalia zilikuwa sawa na maswali manane ya mtihani.